Mzazi na Binti Katika Mchezo wa Vitara
Katika mchezo wa vitara, yaani pambano la watu wawili wanaotumia panga nyembamba zisizo na makali, baadhi ya mashindano ya wikendi nchini Marekani huwachanganya wanaume na wanawake, vijana na wazee, hivyo baba wa miaka 50 anaweza kupangwa dhidi ya bintiye wa miaka 15. Katika upanga uitwao epe, ambao mguso wa ncha yake huhesabiwa popote mwilini, wakigusana kwa wakati mmoja kila mmoja hupata pointi, na taa za mashine ya kuonyesha miguso, ambayo haijui ukoo, huwaka pande zote. Mzazi anayejilegeza makusudi humkosea binti, kwa kuwa mpinzani mgeni asingemdharau hivyo. Pambano likiisha, kanuni huwataka wasalimiane, yeyote aliyeshinda.