Saa ya Kuandika ni Mali ya Nani?

Liko swali ambalo huulizwa katika vijiji vyetu vya Gwata, upande wa Kibaha na upande wa Kisarawe, nalo si swali la mzaha, ijapokuwa wengi hulitaja kwa kucheka. Swali lenyewe ni hili: Mtu mwenye ndoa, mwenye watoto na shamba, tena ambaye mwenzi wake hufanya kazi ya hatari kwa ajili ya watu wote, je, ana haki ya kutwaa saa katika saa za nyumba yake na kuzitumia kuandika kitabu cha hadithi, wala hajui kama kitabu hicho kitapigwa chapa? Au saa hizo ni mali ya mume, na ya watoto, na ya jembe, naye azitwaapo huwa mwizi?

Ili tusiseme maneno ya hewani, na tutwae mfano. Tuseme yuko mwanamke ambaye mumewe ni askari wa Zimamoto, naye hushika zamu mjini Kibaha, mara mchana, mara usiku. Mkewe hubaki kijijini. Asubuhi huamkia shamba la mihogo, adhuhuri huteka maji na kupika, jioni huwaogesha watoto na kuwatazama wakisoma. Usiku, watoto wakiisha kulala, hutoa daftari lake na kuandika riwaya, ndiyo ya kwanza katika maisha yake. Majirani wapatapo habari humwambia, "Mama Fulani, mwenzio anaokoa watu, wewe na daftari lako unamwokoa nani?" Mfano huu waweza kugeuzwa pia, mume akawa ndiye mwandishi na mke ndiye askari, maana wanawake nao wamo katika jeshi hilo. Hoja itabaki ile ile.

Kwanza tuipime kazi ya mume kwa haki, tusiipunguze. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, na namba yake ya kuitia msaada ni 114, naye apigaye namba hiyo hawezi kuambiwa, "Ngoja kesho." Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo, waokoaji walifanya kazi siku kadhaa mchana na usiku, wakawapelekea maji na hewa watu waliokwama chini ya kifusi, na watu zaidi ya 80 wakatolewa wakiwa hai. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, gari la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Mtu aliyeitwa mahali kama hapo harudi nyumbani kama alivyotoka. Hurudi na moshi katika nguo zake na mambo aliyoyaona katika macho yake. Pengine hukaa kimya siku tatu, wala watoto hawajui kwa nini baba hacheki.

Yamkini msomaji atasema, "Basi, neno limekwisha. Upande mmoja wa mizani kuna roho za watu, upande wa pili kuna karatasi. Mke na aweke kalamu chini, amtumikie mumewe."

Walakini tusifanye haraka. Hoja hii ikifuatwa mpaka mwisho wake, itatupeleka mahali tusipopataka. Kama mtu mwenye kazi kubwa kuliko ya mwenziwe amefunguliwa deni la nyumba, basi askari huyu hana haja ya kumbeba mtoto wake mgonjwa, wala kuziba paa livujalo, wala kumwuliza mkewe habari za siku yake, maana yeye ameokoa watu. Nasi sote twajua kwamba sivyo ilivyo. Katika ndoa deni halipimwi kwa ukubwa wa kazi ya nje. Hupimwa kwa ahadi waliyopeana wale wawili, nao walipeana sawasawa.

Tena tuangalie ni nani amwezeshaye askari kutoka usiku wa manane. Yeye aweza kutoka kwa sababu yuko mtu anayebaki na watoto. Mke ametoa usiku mwingi wa namna hiyo, akilala sikio moja li wazi, akisikiliza kama simu italia na ni nani atakayesema. Wala hapana mtu aliyemwita mume mwizi kwa kuzitwaa nyusiku hizo. Watu wote walisema, "Ni kazi yake." Haya basi, mke akiomba saa moja, kwa nini tunaiita wizi? Kama mmoja amepewa, na mwingine apewe, kwa kadiri iwezekanavyo.

Martin Luther aliligusa jambo hili katika kijitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, miaka mitatu kabla hajaoa yeye mwenyewe. Alifundisha ya kuwa baba akifua vitambaa vya mtoto wake kwa imani, asione haya hata watu wakimcheka, kwa sababu kazi ile haina unyonge mbele za Mungu. Fundisho hilo lilikusudiwa kwa wanaume wa Ujerumani wa zamani zile, lakini naona mwanamume wa Gwata anaweza kulisoma bila kupotea njia. Askari asiyeogopa ndimi za moto, je, ataogopa ndimi za jirani wakimwona ameshika ufagio ili mkewe ashike kalamu?

Jambo la pili ni hili: moto hupiga kelele, bali kitabu hunyamaza. Mtoto alia, sufuria hufurika, mbuzi huingia shambani, na kila kimoja hupata haki yake mara moja, maana kina sauti. Riwaya isiyoandikwa haina sauti. Isipoandikwa leo, hapana atakayelalamika. Isipoandikwa mwaka huu, hapana atakayejua. Kwa hiyo huwekwa nyuma siku zote, mpaka mwenyewe anazeeka. Lakini je, kila kinyamazacho hakina thamani? Muhogo nao hunenepa chini ya udongo bila kelele, nasi hatuutukani kwa kukaa kimya.

Na tuwakumbuke wawili waliofanya kazi hiyo ya kimya. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisomeshwa na misheni ya Kikatoliki, akafanya kazi huko kwao, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wapendanao ambao walikosa mtoto. Aliimaliza mwaka 1945. Haikupigwa chapa mpaka alipoifasiri kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka 1981 akafariki, na nakala za kitabu zilifika alipokuwa amekwisha kufa. Laiti angalisikiliza walioona kazi ile kuwa bure, leo tusingejua jinsi wazee wa kisiwa kile walivyooana, walivyolima na walivyopatana.

Wa pili ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 upande wa Tanga. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944, kisha akatumika katika ofisi nyingine za serikali. Mchana alikuwa mali ya ofisi. Mkewe Amina alifariki, akaachiwa watoto wa kulea. Naye hakuona kwamba kalamu na watoto ni adui, bali aliwatungia tenzi mbili, mmoja kwa binti na mmoja kwa mwana, za kuwaonya na kuwaongoza. Kitabu chake Kufikirika alikiandika mwaka 1946, kikatoka mwaka 1967, naye alikuwa amefariki tangu mwaka 1962.

Lakini tuseme kweli yote. Mifano hii haitoshi kumpa kila mwandishi ruhusa. Kitereza na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Hawezi kuwa kipimo cha mama mwenye watoto wanne. Tena vitabu vingi vilivyosifiwa vina mtu wa pili asiyetajwa. Luther alipoandika vitabu vyake vingi baada ya kuoa mwaka 1525, ni Katharina von Bora aliyeiendesha nyumba ile kubwa ya Wittenberg, mwenye kulea watoto sita, kulisha wanafunzi na wageni, kulima bustani, kufuga wanyama na kupika pombe ya nyumbani. Bila mikono yake, wino wa mumewe ungalikauka. Basi kila kitabu kina mwandishi wa karatasi na mwandishi wa jikoni, na yule wa kwanza akimsahau wa pili, ameandika kwa wino wa mtu mwingine bila kumlipa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali letu ni hili: saa ya kuandika si mali ya mwandishi peke yake, wala si mali ya nyumba peke yake. Ni saa ya kuombwa na kupewa. Ikiibwa, huharibu nyumba. Ikinyimwa bila sababu, nayo huharibu nyumba, ila kwa njia ya polepole, maana mtu aliyezuiwa kila siku huwa mchungu moyoni, na uchungu wake watoto huunywa.

Nasi watu wa mashamba twajua jinsi ya kuutumia moto. Mkulima mwenye akili hachomi shamba kabla ya kufyeka na kusafisha ukanda mpakani, ili moto usivuke kwenda kwenye mikorosho ya jirani. Hamu ya kuandika ni moto wa namna hiyo. Mwandishi na asafishe mpaka wake kwanza: wapatane na mwenziwe ni saa gani, siku zipi, na zamu ya askari ikibadilika itakuwaje. Mtoto akipata homa, saa ile huvunjika, wala mwandishi asinung'unike. Lakini isivunjwe kwa sababu mtu hakupenda kujipakulia chakula. Tena wasiweke ada ya shule wala fedha ya chakula katika tumaini la kitabu. Tumeona miaka 35 ya Kitereza na miaka 21 ya Kufikirika. Kitabu na kiandikwe kwa wino, kisiandikwe kwa njaa ya watoto.

Liko neno moja tena, nalo naliona zito kuliko yote. Mwandishi hutafuta visa, na askari wa Zimamoto huvileta nyumbani kila juma. Usiku mume humweleza mkewe aliyoyaona: mama aliyelia mbele ya nyumba iungayo, kijana aliyemfia mikononi. Je, mke anaweza kuyatia katika riwaya yake? Nasema tuogope hapa. Mume alipoyasema hayo alikuwa akitua mzigo. Hakuwa akileta bidhaa sokoni. Na yule aliyekuwa chini ya kifusi hakumpa mtu yeyote ruhusa. Msiba wa mwenzio usiwe kuni za jiko lako. Kubadili jina hakutoshi, maana waliofiwa hujitambua hata kwa dalili ndogo. Kipimo changu ni hiki: Waweza kuusoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya mama wa marehemu, ukamtazama usoni? Kama huwezi, uufute. Na mambo ya mume mwenyewe, hofu yake na machozi yake, aulizwe kwanza, akikataa, yamekataliwa.

Wengine watasema, "Basi umemnyang'anya mwanamke huyu hadithi yote." Sivyo. Liko jambo ambalo ni lake halisi, wala hahitaji ruhusa ya mtu. Ni kule kungoja. Usiku wa mke wa askari, watoto wakilala, mbwa wakibweka, simu ikikaa kimya juu ya meza, na moyo ukihesabu saa: huo ni mali yake. Habari za moto tumezisoma mara nyingi katika magazeti, lakini za mwenye kungoja ni chache sana. Akiandika hayo kwa ukweli, wake wengi wa askari, na wa mabaharia, na wa madereva wa malori ya njia ya Morogoro, watajiona humo, watajua kwamba hawako peke yao. Na pengine hilo ndilo jibu kwa swali la majirani, "Unamwokoa nani?"

Tena wazee wetu walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli, walakini methali hiyo yamhusu mtu mmoja mwenye mikono miwili. Nyumba ya mume na mke ina mikono minne, na yenye ndugu na majirani wema ina mikono mingi zaidi. Basi, ndugu zangu, tukimwona mtu wa namna hii kijijini petu, tusimcheke. Afadhali shangazi au jirani mmoja amwambie, "Mama Fulani, walete watoto kwangu Jumamosi hata jioni." Neno hilo halina gharama kubwa, nalo laweza kuwa ukurasa mzima wa kitabu, na usingizi wa saa mbili kwa mume aliyerudi kutoka zamu.