Hapana ya Iblisi na Hapana ya Muumini



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, akina baba na akina mama ambao riziki imetukutanisha katika mji huu wa London, wengi wetu tunaijua Seven Sisters Road, kule Finsbury Park. Usiku wa Juni 19, 2017, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, watu walikuwa wakitoka kwenye tarawehe. Baba mmoja wa miaka 51, mwenye watoto sita, alikuwa ameanguka njiani, na waumini wamemzunguka wanamsaidia. Mara likaja gari la mizigo. Dereva, aliyetoka Cardiff na chuki yake, akaliingiza makusudi katikati yao. Yule baba akafariki, wengine wakajeruhiwa.

Watu wakamkamata dereva, wakamlaza chini. Hebu jiweke hapo. Mwili umechoka kwa funga ndefu ya kiangazi, ndugu zako wamelala barabarani wanagumia, na aliyewafanyia hayo yuko miguuni pako. Nani angekulaumu?

Imamu wa Muslim Welfare House, kituo cha Waislamu cha hapo jirani, Mohammed Mahmoud, alipotoka alikuta watu wameshaanza kumpiga. Yeye na wenzake wachache wakamzunguka yule mtu, wakakataza asiguswe, mpaka polisi wakamchukua. Februari 2018 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha, asifikiriwe kuachiwa kabla ya miaka 43. Haki ikapita njia yake, na hakuna aliyetoka kwenye tarawehe akarudi nyumbani akiwa muuaji.

Kumkatalia adui si kazi kubwa. Kazi ni kuwakatalia watu wako mwenyewe, tena siku waliyoumizwa, wakati hasira yao ina sababu. Nguvu hiyo mtu anaipata wapi?

Wako watakaosema ni ukaidi tu, mtu kazaliwa nao. La, ndugu zangu. Wa kwanza kukaidi amri ni Iblisi. Aliambiwa asujudu, akagoma, akadai yeye ni bora kuliko Adam. Basi kukataa peke yake si sifa. Ipasue hiyo "hapana" uone kilichomo. Ndani ya hapana ya Iblisi mna "mimi". Ndani ya hapana ya muumini mna amri ya Mola wake, iliyotangulia kabla ya amri ya watu.

Watazameni wachawi wa Firauni. Walikuja wakiulizia ujira, wakaahidiwa ujira na cheo. Fimbo ya Musa ilipozimeza kamba zao, wao ndio waliotambua mara moja, maana ile ndiyo kazi yao. Walijua uchawi unaishia wapi. Wakaporomoka kusujudu. Firauni akatisha kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu kwenye mitende. Jibu lao limo katika Suratu Twaha: kwamba hukumu yake haivuki maisha haya ya dunia. Walishauona mpaka wa mamlaka yake, na ukishauona mpaka wa mamlaka ya kiumbe, vitisho vyake havikubabaishi tena.

Na katika Suratul Maida, aya ya 8, Mola wetu ametukataza chuki ya watu isitupeleke kwenye dhulma. Aya hii haifai kuanza kutafutwa wakati ngumi zishanyanyuliwa. Iwe kifuani kabla.

Sasa turudi majumbani kwetu. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, dada mmoja kaachika, maneno yanamiminika, na sisi tunatuma kidole gumba kwa kuwa shangazi naye katuma. Andika tu: "Jamani, mwenyewe hayupo, tuyaache haya." Utaona wa pili anakuunga mkono, kisha wa tatu. Walikuwepo muda wote, wanangoja mtu wa kuanza.

Na mtoto wako anayerudi shule kwa basi. Vijana wakubwa wanamwambia abebe kimfuko tu mpaka stesheni, atapewa viatu vipya. Atawezaje kukataa, ikiwa nyumbani kwako hajawahi kusema hapana akasikilizwa? Mtoto aliyezoeshwa kutii sauti kubwa ya nyumbani ataitii sauti kubwa ya mtaani. Sisemi tuwaache watuvunjie heshima. Nabii Ibrahim (a.s.) alikataa masanamu ya baba yake, na katika Surat Maryam tunamsikia bado anamwita kwa upole, baba yangu, baba yangu. Adabu na msimamo vilikaa katika ulimi mmoja. Basi leo usiku kaa na mwanao, mwulize: wakikwambia ubebe, utasemaje? Mwache alijaribu jibu lake mbele yako, mara mbili, mara tatu, mpaka limkae mdomoni.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, utupe nguvu ya kuifuata hata tukibaki wachache. Warehemu waliouawa wakitoka kukuabudu, na walinde watoto wetu katika mitaa ya mji huu. Amin.