Chumba cha Mwuguzi

(Someni 2 Wafalme 4:8–37.)



Mwanamke wa Shunemu alimwona Elisha akipita mara kwa mara, naye hakuona ya kuwa chakula peke yake chatosha. Alishauriana na mumewe, wakamjengea chumba kidogo darini, wakatia ndani yake kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu, wala si vya fahari. Lakini angalieni: mama huyu alimjua nabii kuwa mtumishi wa Mungu, tena alimjua kuwa mtu mwenye mwili unaochoka.

Basi, na tuwafikiri wauguzi wetu. Mwaka 2007 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa afya ya msingi, kusudi kila kijiji kipate zahanati. Kuta zilisimamishwa mahali pengi, nasi twamshukuru Mungu. Walakini zahanati ya porini isiyo na nyumba ya mwuguzi ni kama taa isiyo na mafuta. Jioni mwuguzi hufunga mlango, hushika njia kwenda mbali alikopanga chumba. Na masika yakijaza mto, kesho hawezi kuvuka.

Uchungu wa kuzaa hauchagui saa. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa katika muda wa saa mbili. Dawa ya kukaza tumbo la uzazi ipo, hutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Lakini yafaa nini, ikiwa mwenye ufunguo amelala mwendo wa saa tatu? Kwa mama huyo umbali ni ugonjwa wa pili.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, Ujerumani, alipotaka kuwafundisha mashemasi wa kike kuuguza wagonjwa, alinunua nyumba, wakakaa humo pamoja na kazi yao. Kutoka nyumba hiyo utumishi wao ulienea katika nchi nyingi.

Wako wasemao, “Mwuguzi ana mshahara, na ajitafutie.” Ni kweli anao, lakini mshahara hauwezi kupanga nyumba mahali pasipo na nyumba. Wengine husema, “Sisi tu maskini.” Je, mawe ya mtoni yauzwa? Mchanga je, na nguvu za mikono yetu? Kila nyumba ya Wakristo na ilete mzigo wake, na majirani wasio wa kanisa letu waalikwe pia, maana ugonjwa hauulizi dini. Fedha ya sadaka na inunue mabati, mlango wenye kufuli imara, kwa kuwa wauguzi wengi ni wanawake wakaao peke yao, na tangi la kukinga maji ya mvua. Choo kisisahauliwe. Nyumba na iwe karibu na zahanati, hata mtu akiita usiku asikiwe. Tena wazee wa usharika na wapatane kwanza na halmashauri ya kijiji na mganga mkuu wa wilaya, ili nyumba ikae kwa ajili ya mwuguzi, isigeuzwe kuwa ghala. Nanyi makatekista, andikeni zamu za kazi, mkawe wa kwanza kubeba jiwe.

Mama wa Shunemu hakujenga ili alipwe. Nabii alipomwuliza haja yake, hakuomba kitu. Lakini siku ilikuja mtoto wake akafia magotini pake, na nabii alikuwa mbali, mlimani Karmeli. Alimlaza wapi? Juu ya kitanda kile kile alichomwekea mtumishi wa Mungu. Humo chumbani Elisha aliingia, akafunga mlango, akaomba. Na mtoto akarudishiwa uhai.

Hatununui neema ya Mungu kwa matofali, kwa kuwa tumekwisha kuipewa bure katika Kristo. Kwa sababu hiyo tujenge kwa furaha, naye Bwana aliyekosa mahali pa kulaza kichwa chake atupe moyo wa kuwalaza watumishi wake. Amina.