Anayechagua Kitabu Siye Anayekilipia

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na methali hiyo inafanya kazi kimyakimya kila muhula unapofunguliwa na orodha za vitabu kubandikwa vyuoni. Mhadhiri ndiye anayechagua kitabu cha kozi. Mara nyingi nakala yake hajainunua: kaikuta idarani, katumiwa na mchapishaji, au kabaki nayo tangu alipokuwa masomoni ughaibuni. Mwanafunzi, ambaye hakuna aliyemuuliza, ndiye anayesaka hela. Mhadhiri huyo hana tofauti na mjumbe wa kamati ya harusi anayeshupalia ukumbi wa gharama, ilhali mchango wake mwenyewe bado ni ahadi.

Nami ninafundisha chuoni, kwa hiyo hili linanihusu. Kwa miaka ya karibuni, hapa Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikimtengea mnufaika shilingi 200,000 kwa mwaka kwa ajili ya vitabu na viandikwa. Hizo ni za kozi zote za mihula miwili, na humo humo mna madaftari, kalamu na gharama za kuchapisha kazi za darasani. Kitabu cha kiada cha dola 60, ambacho huko Marekani hakihesabiwi kuwa cha bei mbaya, kinameza zaidi ya shilingi 140,000. Hicho ni kimoja, cha kozi moja. Bumu, yaani hela ya mkopo, linapoingia, mwenye nyumba anasubiri kodi na mdogo mtu kule kijijini hana sare. Kijana akiamua kwamba kitabu kingoje, nani mwenye ubavu wa kumlaumu?

Matokeo tunayajua. Kijana anategemea madesa, yale makaratasi yaliyopita mikono ya waliotangulia, yenye kurasa zilizofifia na makosa yanayorithiwa mwaka hadi mwaka. Mtihani anafaulu, lakini hajawahi kumfuata mwandishi mmoja kuanzia hoja ya kwanza hadi ya mwisho, akamwona anavyoijenga, anavyosita na anavyojibu wapinzani wake. Kisha sisi tuliompa orodha asiyoimudu tunakaa kantini na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunifuata baada ya kipindi akaniuliza, "Shikamoo, Mwalimu. Hili toleo la zamani linafaa?" Alikuwa amelipata kwa wauza vitabu vya mitumba kule Posta, Dar es Salaam, kwa bei ya nauli za siku chache. Nilikaa nikalilinganisha na toleo jipya. Sura mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, picha zimetiwa rangi, na maswali ya mazoezi yamepewa namba nyingine. Hoja zilikuwa zile zile. Tangu hapo nimeelewa kwamba sentensi moja katika mtaala wa kozi, "toleo lolote la miaka ya karibuni linakubalika", inaweza kumwokolea mtu pesa za chakula cha mwezi.

Watu wa umri wangu tunavikumbuka vitabu vya ELBS, vilivyopunguzwa bei kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza ili wanafunzi wa nchi kama zetu wavimudu. Mpango ule ulikoma mwaka 1997. Leo milango mingine imefunguka. Chuo Kikuu cha Rice, huko Houston, Marekani, tangu mwaka 2012 kinatoa bure vitabu vya kiada kupitia mradi wa OpenStax: fizikia, biolojia, takwimu, uchumi. Mwanafunzi anapakua faili, na leseni ya vingi kati ya vitabu hivyo inamruhusu mhadhiri kuvihariri. Kitabu cha uchumi kikizungumzia dola na bima za afya za Marekani, hakuna anayemzuia mwalimu wa Mbeya kuweka mifano ya korosho na bodaboda. Kinachohitajika ni jasho lake, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea.

Wapo watakaosema rahisi ni ghali, na wapo watakaouliza mwandishi atakula nini. La kwanza linajibika kwa kukisoma kitabu kabla ya kukihukumu. La pili ni zito zaidi, na limewahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 2012 wachapishaji wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, walikishitaki kiduka cha fotokopi cha Rameshwari kilichokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, kwa kuwauzia wanafunzi makusanyo ya sura za vitabu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo, kwa kuwa sheria ya India inaruhusu nakala kwa ajili ya kufundishia. Rufaa ikafuata, na mwaka 2017 wachapishaji wenyewe wakajiondoa. Sheria yetu ni nyingine na ina mipaka yake. Ila hata kule Delhi, mwenye duka hakuzibuni zile sura. Alizipata kwenye orodha za wahadhiri. Kila msururu kwenye mashine ya fotokopi una mwanzo wake ofisini kwa mtu aliyechagua bila kuuliza bei.

Wala nafuu si lazima iwe wizi. Mchapishaji wa hapa nyumbani, kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, anaweka bei kwa shilingi na anajua mifuko ya wasomaji wake. Ukichagua kitabu chake pale kinapolitosheleza somo, mwandishi anapata haki yake na mwanafunzi anapata kitabu halali.

Tatizo letu kubwa ni kwamba hakuna anayepiga jumla. Kila mhadhiri anaitazama kozi yake peke yake, akaona kitabu kimoja si mzigo. Mzigo wote anauona mwanafunzi tu. Napendekeza kila idara, kabla ya muhula kuanza, iweke mezani orodha zote za mwaka husika zikiwa na bei, kisha mtu mmoja azijumlishe kwa sauti. Jumla ikipita kile alichopewa kijana, tujue kwamba tayari tumeshachuja nani asome na nani asisome, na tumefanya hivyo bila kumpa hata swali moja la mtihani.