Waridi za Roma, Pembe za Pwani

Mwaka 1888 Lawrence Alma-Tadema alichora karamu ya Kaisari Heliogabalus: wageni wanafunikwa na maua ya waridi, mwenyeji anatazama kwa utulivu. Marumaru yake utadhani ukiyagusa yatakuwa baridi. Picha inatuonyesha ukatili wa mwenye karamu. Haituulizi anasa ya Roma ilitoka wapi. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unataja pembe za ndovu za Rhapta, bandari ambayo baadhi ya wanahistoria huiweka huku kwetu, karibu na Pangani. Pembe haziji bandarini zenyewe. Kuna aliyewinda, kuna aliyebeba. Kwangu mimi mtu wa Tanga, usahihi wa brashi hautoshi kuitwa ukweli mpaka hao nao waonekane.