Kutoweka kwa Viumbe na Kujulikana kwa Wakati

Mjadala kati ya imani na sayansi ya miamba, unapozuka katika nyumba za ibada na katika vyumba vya madarasa, huanzia karibu kila mara kwenye urefu wa wakati: muumini huuliza inakuwaje dunia iwe na mabilioni ya miaka ilhali vitabu vitakatifu vinasimulia uumbaji kwa siku, na mtaalamu humjibu kwa kumtajia tarakimu. Mjadala huo una haki yake, lakini unaliacha pembeni swali lililo zito zaidi, ambalo linahusu jinsi miaka hiyo inavyojulikana. Njia za kuipima, zikichunguzwa kwa makini, zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya historia ya bahari isingesomeka kama viumbe wasingetoweka moja kwa moja, na jambo hilo linaligusa fundisho la Mungu kuwatunza viumbe wake kwa namna ambayo wingi wa miaka hauligusi.

Mfano ulio wazi unapatikana katika pwani ya kusini ya Tanzania, kati ya Kilwa na Lindi, ambako matabaka manene ya udongo wa mfinyanzi yaliyotua chini ya bahari sasa yako nchi kavu. Katika miaka ya 2000, mradi wa uchorongaji uliomhusisha Paul Pearson wa Chuo Kikuu cha Cardiff pamoja na wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, akiwamo Joyce Singano, ulitoa miche ya udongo huo kutoka ardhini. Ndani yake wamo foraminifera, yaani viumbe wa bahari wenye seli moja tu, ambao wengi wao hujijengea gamba la chokaa lenye vyumba vinavyofuatana, na ambao gamba lao kwa kawaida halifiki upana wa milimita moja. Kwa kuwa mfinyanzi haupitishi maji kwa urahisi, magamba ya Kilwa hayakuyeyuka wala kubadilika umbo la ndani, na hadi leo yana uwazi wa kioo, hali ambayo ni nadra kwa magamba ya umri wao yanayotolewa katika sakafu ya bahari kuu. Kazi ya kuyatoa ni ya mkono na ya subira: kipande cha udongo huloweshwa mpaka kilegee, huchekechwa kwa chekeche lenye matundu ya mikromita 63, ambayo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, masalia hukaushwa na kumwagwa juu ya kisahani cheusi, kisha mtaalamu, jicho likiwa kwenye hadubini, huokota gamba mojamoja kwa ncha ya brashi iliyolowa maji.

Miongoni mwa magamba hayo limo la jenasi iitwayo Hantkenina, linalotambulikana upesi kwa sababu vyumba vyake vina miiba mirefu yenye tundu ndani. Mche ukisomwa kutoka chini kwenda juu, yaani kutoka tope la kale kuja tope la baadaye, Hantkenina yupo, yupo, kisha hayupo, wala haonekani tena Kilwa, Italia, au katika bahari nyingine yoyote. Kukoma huko ndiko wanajiolojia walikokuchagua kuwa alama ya mpaka kati ya kipindi cha Eosini na kipindi cha Oligosini, mpaka uliowekwa rasmi mwaka 1992 kwa kutumia miamba ya Massignano nchini Italia na ambao umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 33.9, wakati dunia ilipokuwa ikipoa na barafu ikikusanyika juu ya bara la Antaktika. Hata katika visima vya mafuta na gesi mtaalamu hutegemea kukoma kwa viumbe kuliko kutokea kwao, kwa sababu mashine inaposhuka huleta juu vipande vilivyosagwa, na vipande vya tabaka la juu huweza kuporomoka na kuchanganyika na vya chini, hivyo kwamba mahali kiumbe alipoanzia kuishi hapajulikani kwa uhakika, bali kina anapoonekana kwa mara ya kwanza wakati wa kushuka, yaani alipokomea, ndicho kinachoaminika.

Hapa hutolewa pingamizi linalostahili jibu, kwamba wataalamu wanazunguka mahali pamoja: visukuku vinatoa umri wa mwamba, na mwamba unatoa umri wa visukuku. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama mpangilio wa viumbe ungekuwa umekisiwa, lakini mpangilio huo umetokana na kanuni iliyoelezwa mwaka 1669 na Niels Stensen wa Denmaki, kwamba tabaka lililo chini, pasipo msukosuko wa ardhi, lilitangulia lile lililo juu yake, na umethibitishwa mahali pengi ambapo mfuatano uleule umejirudia. Stensen alikuwa mtu wa sala, akawa askofu Mkatoliki, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri. Ni vema walioaminishwa kwamba sayansi hii ilizaliwa ili kuipinga imani walijue hilo. Hata hivyo ni lazima mpangilio utenganishwe na hesabu. Gamba husema lipi lilitangulia lipi, lakini halina idadi ya miaka ndani yake. Idadi hutoka kwingine, hasa katika majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya matabaka, ambayo madini yake yana elementi zinazooza kwa kasi isiyobadilika.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi Ushirombo, makao ya wilaya ya Bukombe, katika mkoa uliomegwa mwaka 2012 na kupewa jina la Geita. Katika ukanda huu wa dhahabu imo miamba ya mistari myembamba ya chuma na silika ambayo nayo ni mashapo ya chini ya bahari, na mchimbaji mdogo anayeshuka kwenye duara lililochimbwa katika miamba ya aina hiyo hupita, bila kuambiwa, katika sakafu ya bahari yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.6. Bahari hiyo haikuwa na foraminifera, wala kiumbe yeyote mwenye gamba, kwa maana uhai wa wakati huo ulikuwa wa vijidudu tu, na kwa sababu hiyo hapo hakuna gamba la kumwongoza mtu. Umri wa miamba hiyo umepatikana kwa zikoni, madini magumu ambayo hujumuisha urani kidogo yanapoumbika. Urani hiyo hugeuka kuwa risasi polepole, nusu ya aina yake iliyo nyingi zaidi ikihitaji takribani miaka bilioni 4.5 ili igeuke. Kwa hiyo Kilwa wakati unasomwa kwa viumbe waliokoma, na Geita kwa elementi inayokwisha, na katika sehemu zote mbili kinachompa mwanadamu maarifa ni kitu kilichoondoka bila kurudi. Wakati wa kale unajulikana kwa njia ya hasara, na kama hali ya bahari ingebaki vilevile daima, mita elfu za tope zisingemwambia mtu neno lolote juu ya tarehe.

Wafikiri wa dini wa zamani hawakuuogopa urefu wa wakati kama unavyoogopwa sasa. Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, aliandika kwamba jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari, akitoa ushahidi wa kombe zinazopatikana watu wanapochimba visima. Agostino wa Hippo, mwana wa nchi ambayo leo ni Algeria, alikataa kuzichukua siku za Mwanzo kuwa siku za jua, na akawaonya Wakristo wasiseme mambo ya aibu kuhusu maumbile mbele ya wanaoyajua. Kilichowashinda wengi kilikuwa kukubali kutoweka. John Ray, mwanazuoni wa Kiingereza wa karne ya 17 na mcha Mungu, alivijua visukuku vizuri, lakini alisita kukiri kwamba aina nzima ya kiumbe inaweza kupotea, kwa kuwa aliona jambo hilo linaupunguzia uumbaji ukamilifu wake; ni mwaka 1796 ndipo Georges Cuvier, kwa kulinganisha mifupa ya tembo walio hai na ya jamaa zao wa kale, alipowaonyesha wasomi wa Paris kwamba kupotea huko kumetokea kweli.

Kusita kwa Ray kulikuwa na maana, na hakupaswi kudharauliwa. Jibu jepesi, kwamba viumbe hao waliumbwa ili kumwandalia mwanadamu makao, halitoshi, kwa sababu Hantkenina aliishi na kukoma mamilioni ya miaka kabla hajakuwapo mtu wa kunufaika naye wala wa kumwona. Maandiko yenyewe yana mlango ulio mpana zaidi: katika sura ya 38 ya Kitabu cha Ayubu, Mungu anamhoji Ayubu juu ya mvua inayoinyeshea nyika isiyokaliwa na mtu, na Sura Al-An'am inawataja wanyama na ndege kuwa umma kama walivyo wanadamu, ambao watakusanywa kwa Mola wao. Kiumbe anaweza, basi, kuwa na thamani mbele ya Muumba bila kuwa na manufaa kwa mtu, na kukoma kwake hakufuti thamani aliyokuwa nayo alipoishi. Jibu hilo halimalizi ugumu wote, kwa maana halisemi kwa nini aina hii ikome na ile ibaki, lakini linaliweka swali mahali panapolistahili. Walimu wa dini, katika seminari na katika madrasa, wangefanya vema kuacha kubishana na vijana juu ya idadi ya miaka, na badala yake wawafundishe kuuliza Mungu anawatunza vipi viumbe ambao hawapo tena.