Mshahara unatosha: unamtosha nani?

KILA mwaka vijana wetu wanapomaliza vyuo na kuanza kuitwa kazini, walimu wao tunafuatwa na swali moja. "Ustadh, nimepata kazi Dar es Salaam, wamesema watanipa laki saba kwa mwezi. Itanitosha?" Muulizaji anatoka Tabora, Kigoma, Lindi au Pangani, na mjini hana mtu ila jina la shangazi anayesikia kuwa anaishi Mbagala.

Majibu anayopewa ni ya aina mbili. Wapo wanaomwambia asaini haraka kabla hajachukuliwa mwingine, kwani wasio na kazi wamejaa mitaani. Na wapo, hasa sisi watu wa madrasa, wanaomwambia kuwa riziki inatoka kwa Allah (SW), basi awe na qanaa. Jibu la pili ni kweli tupu, lakini limewekwa pasipo mahali pake. Kijana hakuuliza kama Allah ni Mwenye kuruzuku. Ameuliza hesabu, na ndani ya hesabu hiyo imo kadhia ya halali na haramu ambayo sisi ndio tulipaswa kumfungulia macho.

Tuanze na hesabu yenyewe. Laki saba iliyoandikwa kwenye barua ya ajira haifiki mkononi. Katika sekta binafsi mfanyakazi hukatwa 10% ya NSSF, nayo ni sh. 70,000. Zinabaki 630,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mapato: 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, zinazofuata mpaka 520,000 hutozwa 8%, na kuanzia hapo mpaka 760,000 ni 20%. Kodi inakuja kuwa 42,000. Kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, hukatwa tena 15% ya mshahara, yaani 105,000. Kinachoingia mkononi ni 483,000.

Sasa nyumba. Mwenye nyumba wa Dar es Salaam aghalabu hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka ya miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali naye anataka yake, ambayo kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Tuseme kijana wetu kabahatika kupata chumba cha 100,000. Anatakiwa atoe 700,000 taslimu kabla hajalala usiku wa kwanza na kabla hajaupokea mshahara wa kwanza! Bado godoro, bado mtungi wa gesi, bado LUKU, bado maji ya ndoo, bado nauli na chakula cha siku thelathini. Hapo ndipo anapokutana na wakopeshaji wa mtaani, wale ambao wananchi wenyewe wameibatiza mikopo yao jina la kausha damu. Kijana aliyefundishwa tangu utotoni kuwa mla riba ametangaziwa vita na Allah na Mtume wake (2:279), anajikuta ndani ya mkataba wa riba wiki ya kwanza ya ajira yake. Hakuingizwa na ulafi. Kaingizwa na godoro.

Wengine hukwepa kwa kwenda kupanga pembeni, Chanika au Bunju, ambako vyumba ni nafuu. Kinachookolewa kwenye kodi kinaliwa na nauli, magari mawili kwenda na mawili kurudi, na kinachosalia kinaliwa na saa. Anatoka nyumbani kabla ya adhana ya Alfajiri, na Magharibi inamkuta kasimama ndani ya daladala kwenye foleni mpaka wakati unatoka. Swala iliyopita haiandikwi popote katika bajeti ya mwezi. Lakini Muislamu anayepiga hesabu ya kuhamia mji asiyeiweka swala ndani ya hesabu hiyo, huyo amehesabu nini?

Turudi kwenye neno lenyewe, "kutosha". Tunalitumia kana kwamba kila mtu anajua maana yake. Hind bint Utba alipomlalamikia Mtume (SAW) kwamba mumewe Abu Sufyan hatoi matumizi ya kuwatosha, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na watoto wake kwa ma'ruf, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Hakutaja dirham ngapi. Kipimo kiliachwa kwa ma'ruf, yaani kile watu wa mahali pale na hali ile wanachokijua kuwa ni cha kawaida. Maana yake ni kuwa kinachotosha Pangani si lazima kitoshe Kinondoni.

Imamu Mawardi, mwanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alilifafanua hili katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya alipozungumzia malipo ya askari. Anasema malipo hayo yapimwe kwa kifaya, na kifaya itazamwe kwa mambo matatu: idadi ya watu anaowalisha, idadi ya wanyama wa kupanda anaowatunza, na mahali anapoishi kwa ughali au urahisi wa bei. Kisha hali yake iangaliwe upya kila mwaka, haja zikizidi aongezewe, zikipungua apunguziwe. Ndugu msomaji, tazama mambo hayo matatu. Wategemezi, usafiri, na bei za mji! Farasi wa yule askari ndiye nauli ya kijana wetu. Takriban miaka elfu imepita, na leo utakuta mwajiri mwenye kompyuta na mhasibu anatoa mshahara mmoja kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam na wa wilayani, tena hauguswi kwa miaka mitano.

Wenzetu wa Kenya angalau amri yao ya kima cha chini inatenganisha Nairobi, Mombasa na Kisumu na miji midogo na vijijini, na sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba au fedha ya kumtosha kupanga. Sisi kima cha chini cha sekta binafsi kinapangwa kwa aina ya kazi, si kwa mji. Serikali iliongeza kima cha chini cha watumishi wake kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, jambo la kheri, lakini ni 500,000 hiyo hiyo, uwe Ilala au uwe Namtumbo.

Kabla hatujawanyooshea kidole wengine tujitazame. Zipo shule, vituo na taasisi zetu wenyewe zinazomlipa mwalimu kiasi ambacho hata mweka hazina wake anajua hakifiki tarehe kumi na tano. Mwalimu akinyanyua mdomo anaambiwa kazi hii ni fisabilillahi. Mbona aliyeuza saruji ya jengo hakuambiwa fisabilillahi? Mbona fundi wa vigae alilipwa chote? Fisabilillahi ni nia ya mfanyakazi baina yake na Mola wake. Mwajiri hana ruhusa ya kuikata kwenye mshahara.

Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha vijana watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Sayyidna Umar (RA) alikwishaamuru wakatwe mikono, kisha akamgeukia bwana wao akamwambia kuwa anaona anawashindisha na njaa. Ngamia alikuwa na thamani ya dirham 400. Akamwamuru Hatib, si wale vijana, amlipe mwenye ngamia 800. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuzidisha thamani maradufu, na Malik mwenyewe anasema watu wa Madina hawakulifuata hilo. Lakini swali la Umar limebaki: mwenye kumfanyisha mtu kazi bila kumtosheleza ana sehemu gani katika dhambi ya mtu huyo? Keshia akidokoa, karani akiomba "ya soda", na mwalimu akikopa kwa riba, tunamhukumu wa mwisho peke yake.

Itasemwa: basi qanaa iko wapi? Ipo, na Mtume (SAW) amemsifu aliyesilimu, akaruzukiwa kinachomtosha, na Allah akamkinaisha nacho. Zingatia mpangilio wa maneno. Kinachotosha kimetajwa, kisha kukinai. Abu Bakr (RA), ambaye hakuna anayemshinda kwa zuhdi katika sisi, alipokuwa Khalifa na kuzuiwa na biashara yake ya nguo, Waislamu walimpangia posho. Imepokewa na Ibn Saad kuwa alipopangiwa elfu mbili aliomba aongezewe, kwa kuwa ana familia na wamemshughulisha asifanye biashara, wakamwongezea mia tano. Kuomba nyongeza hakukumtoa katika qanaa. Na alipokaribia kufa aliusia kilichobaki kirudishwe Baitul Mal.

Upande wa pili nao usisahauliwe, maana kijana naye ana lake. Abu Daud amepokea hadithi kuwa mtumishi wa umma asiye na mke apate mke, asiye na mhudumu apate mhudumu, asiye na makazi apate makazi, na anayechukua zaidi ya hapo ni mhaini. Kuna sakafu na kuna dari. Simu ya milioni moja na nusu iliyochukuliwa kwa malipo ya kila siku haimo kati ya hayo, na anayeiweka kwenye orodha ya lazima kisha akasema mshahara hautoshi, huyo hana haki ya kumlaumu mwajiri.

Basi kijana anayeuliza itamtosha, mimi humwambia asisaini kabla hajajua kinachofika mkononi, kama kuna posho ya nyumba na usafiri, kama atapewa mshahara wa mwezi mmoja mapema usio na riba ili alipe pango, na lini mshahara utatazamwa upya. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni sehemu ya kuridhiana ambako mkataba wa ijara hausimami bila yake. Akiona pengo na hana njia ya halali ya kuliziba, bora akae kwa shangazi Mbagala miezi sita akiweka akiba ya kodi, hata kama ataonekana mshamba.

Na hesabu hiyo akamwonyeshe mama yake kabla hajapanda basi. Nyumbani wameshasikia laki saba. Wameshapanga ada ya mdogo wake na bati za nyumba kwa laki saba hiyo. Wema kwa wazazi ni wajibu, na fungu lao liingie kwenye hesabu tangu mwanzo, hata likiwa 30,000, lakini lihesabiwe kutoka kwenye 483,000, wakiwa wamekaa pamoja, karatasi iko mkekani.